Kombe: shajara ya kujenga sheli ndogo yenye hesabu ya kazi za nyuma

8 Februari 2025: tunachojenga

Duka liko ghorofa ya pili, River Road, Nairobi, juu ya muuza vipuri vya redio. Kazi yake ni kuhamisha kaseti kwenda kwenye diski: benga ya zamani, taarab, mahubiri, harusi za watu. Kaseti inachezwa kwenye deki, sauti inaingia kwenye kompyuta kupitia kadi ya USB na kuhifadhiwa kama WAV. Kisha inasafishwa mikwaruzo kwa programu ya sox na kubanwa kuwa FLAC ya kuweka na MP3 ya kumpa mteja. Sauti ya ubora wa CD inakula baiti 176,400 kila sekunde, kwa hiyo kaseti ya dakika 60 ni karibu megabaiti 635 kabla ya kubanwa. Kusafisha na kubana ndiko kunakokula saa, na ndiyo maana kazi hizo zinasukumwa nyuma, ziendelee zenyewe bila kushika skrini, kwa alama ya & huku deki ikiendelea na kaseti nyingine.

Gharama za kuanzia: kompyuta ya mezani ya mtumba yenye kori nne na RAM ya gigabaiti 8, sh. 16,500, Luthuli Avenue. Kadi ya sauti, sh. 2,800. Debian, mfumo wa Linux, bure.

Bash, sheli inayokuja na Debian, yaani programu inayopokea amri unazoandika na kuziendesha, inatosha kabisa kwa kazi hii na sina ugomvi nayo. Ila wahudumu wa duka ni wawili, wa asubuhi na wa jioni, na wote wanaachiana kazi zikiwa katikati. Wanataka ujumbe wa Kiswahili, amri chache, na nambari ya kazi wanayoweza kuiandika kwenye kibandiko cha kaseti na kuiamini kesho yake. Hiyo ya mwisho bash haiwapi, nitaeleza mbele. Kwa hiyo tunaandika sheli ndogo kwa lugha ya C, jina lake kombe. Amri zake za ndani: kazi, mbele, nyuma, ua, ngoja, achilia.

Historia kwa ufupi, kwa anayetaka kujua tunaiga nini. Alama ya & ilikuwepo katika sheli ya Bourne iliyotoka na Unix toleo la 7, mwaka 1979, lakini kazi ikishakwenda nyuma hukuwa na la kufanya ila kuingoja au kuiua kwa nambari ya mchakato, yaani ya programu inayokimbia. Nambari ndogo za kazi, Ctrl-Z ya kusimamisha, fg ya kurudisha mbele na bg ya kuendeleza nyuma vilikuja na sheli ya C (csh) ya Berkeley. Aliyeviandika ni Jim Kulp, akiwa IIASA, taasisi ya utafiti kule Laxenburg, Austria. Sheli ya Korn ikavichukua, na bash ya Brian Fox, iliyotoka 1989, nayo hivyo hivyo.

15 Februari: Ctrl-C yaua mlango na dirisha

Toleo la kwanza halina la kusimulia. Soma mstari, kata maneno, ita fork (mchakato unajinakili: nakala ni mtoto, wa awali ni mzazi), mtoto aite execvp ageuke kuwa programu iliyoombwa, mzazi aite waitpid kumngoja. Mstari ukiishia na &, mzazi hangoji; anachapisha nambari na kurudi kupokea amri nyingine:

```
kombe> flac -8 upande-a.wav &
[1] 20417
```

Nambari ya pili, 20417, ni ya kerneli, kiini cha mfumo: ndiyo PID, nambari ya mchakato. Ya kwanza ni ya kombe peke yake, imeandikwa kwenye jedwali lililo ndani ya kumbukumbu yake, na hakuna programu nyingine kwenye mashine inayoijua. Ndiyo sababu jobs (ya kuorodhesha kazi) na kill (ya kuua) kwa kawaida ni amri za ndani katika sheli zenye nambari za kazi: ukiita /bin/kill kwa %1, programu hiyo haina pa kuitafuta hiyo %1. Na ukisahau alama ya asilimia ukaandika kill 1, umeulenga mchakato nambari 1, baba wa mfumo mzima. Mtumiaji wa kawaida hukataliwa. Ukiwa root, msimamizi mwenye ruhusa zote, shauri yako. Katika kombe, ua bila asilimia inakataa nambari yoyote iliyo chini ya 100. Ukali huo ni wa makusudi.

Hitilafu ya kwanza ilijitokeza jioni hiyo hiyo. Mhudumu alikuwa anasikiliza kipande kwa programu ya play, akabonyeza Ctrl-C kukisimamisha. Kikasimama, na kazi za kubana zilizokuwa nyuma zikafa, na kombe yenyewe ikafa.

Sababu ni kwamba Ctrl-C haitumwi kwa programu moja. Terminali, yaani dirisha la kuandikia amri, hutuma ishara ya kukatiza, SIGINT, kwa kila mchakato ulio katika kundi la mbele, lile linalotumia kibodi, na mtoto anayezaliwa kwa fork hurithi kundi la mzazi wake. Toleo la kwanza halikugawanya makundi, kwa hiyo wote walikuwa kundi moja: kombe, play, flac zote.

Dawa ni setpgid: kila kazi inapata kundi lake, na nambari ya kundi huwa ni PID ya mchakato wa kwanza wa kazi hiyo. Hapa kuna mtego. Nani aite setpgid, mzazi au mtoto? Akiita mtoto tu, mzazi anaweza kuwahi kutuma ishara kwa kundi ambalo bado halijaundwa. Akiita mzazi tu, mtoto anaweza kuwahi execvp, na baada ya hapo kerneli inamkatalia mzazi kwa kosa la EACCES. Jibu la wote wanaoandika sheli ni kuita pande zote mbili na kupuuza kosa la atakayechelewa. Linaonekana ovyo, lakini ndilo sahihi.

Jambo dogo la pembeni: katika skripti (faili ya amri), ambako usimamizi wa kazi umezimwa, sheli haigawi makundi. Badala yake, amri yenye & inaanzishwa ikiwa imezibwa masikio kwa SIGINT na SIGQUIT, na inasomeshwa /dev/null, faili tupu, badala ya kibodi. Ndiyo sababu skripti ya zamani ya duka haikuwahi kuonyesha tatizo hili.

22 Februari: nani ameshika terminali

Makundi yakishagawanywa, kila amri ya mbele ilianza kugoma. Ukifungua nano, kihariri cha maandishi, inasimama papo hapo. Ni haki yake: terminali inatambua kundi moja tu kuwa la mbele, na kundi lingine likijaribu kusoma kibodi linapigwa ishara ya SIGTTIN na kusimamishwa. Kombe ilikuwa imempa mtoto kundi jipya bila kumpa terminali.

Tukaongeza tcsetpgrp, inayokabidhi terminali kwa kundi, kabla ya kungoja kazi ya mbele, na tcsetpgrp nyingine baada yake ili kombe irudishiwe terminali. Ya kwanza ikafanya kazi. Ya pili ikaisimamisha kombe yenyewe. Tukarudi kwenye bash tuliyoianzia, imeandika Stopped. Ni kama dereva aliyempisha mwenzake usukani, kisha akiunyoosha mkono kuutaka, anaambiwa abiria haruhusiwi kugusa. Mchakato wa nyuma ukiita tcsetpgrp unapigwa SIGTTOU, na kwa wakati ule kombe ilikuwa nyuma kweli.

Kwa hiyo kombe inapoanza inaziba masikio kwa SIGINT, SIGQUIT, SIGTSTP, SIGTTIN na SIGTTOU. Ikapona, lakini watoto wakawa sugu: play haisikii tena Ctrl-C wala Ctrl-Z. Kanuni ya exec ni kwamba ishara iliyowekewa kishikizi (kipande cha msimbo cha kuijibu) hurudi hali yake ya kawaida, lakini ishara iliyozibwa hubaki imezibwa. Mtoto lazima azirudishe zote kuwa SIG_DFL, hali ya kawaida, baada ya fork na kabla ya execvp. Ukiona programu yoyote kwenye mashine yako haijali Ctrl-C, angalia kwanza ilizaliwa na nani.

8 Machi: nambari zenyewe

Hapa ndipo niliposema bash haiwatoshi wahudumu. Tulikaa tukazijaribu sheli tatu kwa kazi zile zile za sleep, amri ya kulala tu, na zinahesabu tofauti.

Bash inatoa nambari inayofuata ile kubwa kuliko zote zilizo hai. Kazi 1, 2 na 3 zikiwa zinaendelea, ukaiua 1, kazi mpya inakuwa 4. Pengo la 1 linabaki wazi. Lakini ikimalizika 3 badala yake, kazi mpya inaitwa 3 tena. Zote zikiisha, hesabu inaanza upya kutoka 1.

Zsh na dash zinachukua nafasi ya chini kabisa iliyo wazi. Ikifa 1, kazi mpya ni 1, hata kama 2 na 3 bado zinakimbia.

Kwa mtu mmoja aliyeketi mbele ya skrini moja, njia zote mbili ni sawa, kwa kuwa anaona kila kitu kikiisha. Kwa duka letu ni hatari. Mhudumu wa asubuhi ameandika 3 kwenye kibandiko cha kaseti ya mteja. Kazi imekwisha saa nne, hakukiondoa kibandiko, saa tano kuna kazi nyingine inayoitwa 3. Wa jioni anakuja, anaambiwa mteja wa kaseti nambari 3 ameahirisha, anaandika ua %3. Yametokea, na aliyepotezewa ni mteja wa saa tano.

Kombe inatumia kihesabu kisichorudi nyuma. Nambari ikishatolewa haitolewi tena mpaka jedwali liwe tupu kabisa na mtu aandike kazi --upya. Ukubwa wa nambari hauna shida. Siku yenye shughuli tunafika thelathini na kitu. Mzee mwenye duka alitaka nambari zifuate stakabadhi za wateja. Nilikataa, kwa sababu kaseti moja ina pande mbili na kila upande ni kazi yake.

Na kwa nini tusitumie PID moja kwa moja? Nayo hurudiwa. Kerneli ya Linux hupanda mpaka kikomo kilichoandikwa katika /proc/sys/kernel/pid_max, kisha huanza kuokota zilizoachwa. Kuna ulinzi mmoja mzuri, hata hivyo: PID ya mtoto aliyekufa haitolewi kwa mwingine mpaka mzazi wake aite wait. Wale wanaoonekana kwenye ps, amri ya kuorodhesha michakato, kama defunct, zombi, ndio hao: wamekufa ila jina lao bado limeshikiliwa. Maana yake ni kwamba sheli inayotunza jedwali vizuri haiwezi kuua mchakato wa mtu mwingine kwa bahati mbaya, maana PID iliyo kwenye jedwali bado ni ya mtoto wake, hai au maiti.

Alama za + na - tuliziiga bila kubadili. Plasi ni kazi ya sasa, ile ambayo mbele au nyuma bila nambari itaishika. Minasi ni itakayorithi. POSIX, kiwango rasmi cha mifumo ya aina ya Unix, inasema kukiwa na kazi yoyote iliyosimamishwa, kazi ya sasa lazima iwe mojawapo ya hizo. Tuliirahisisha kanuni hii mwanzoni kuwa "ya mwisho kuanzishwa", na ikasumbua mara moja: mtu amebonyeza Ctrl-Z, anaandika mbele, anapewa kazi nyingine kabisa. Sasa jedwali linaonekana hivi:

```
kombe> kazi
[4]    inaendelea   sox a.wav a2.wav noisered kelele.prof 0.2
[6] -  inaendelea   flac -8 upande-b.wav
[7] +  imesimama    alsamixer
```

Kutaja kazi kwa mwanzo wa amri, %flac, nako kumo. Zikipatikana mbili zinazoanza hivyo, kombe inakataa na kuzionyesha zote. Bash nayo hukataa. Kubahatisha mahali penye amri ya kuua ni ujinga.

19 Machi: "imekwisha, mbona bado inanguruma?"

Hili ndilo lililokula muda kuliko yote. Mzee aliniita: "Kijana wangu, hii nambari tano inasema imekwisha, mbona mashine bado inanguruma?" Nikamwambia, "Mzee, hebu usiizime." Nikafungua ps. Kweli, flac ilikuwa bado inakimbia.

Kazi nambari 5 ilikuwa amri mbili zilizounganishwa kwa paipu, sox ikimwagia flac. Hiyo ni kazi moja, kundi moja, lakini michakato miwili. Jedwali letu lilikuwa na nafasi ya PID moja kwa kila kazi, ile ya kwanza. Sox ilimaliza kusoma, ikafa, kombe ikatangaza kazi imekwisha, na flac bado inakamua kilichobaki kwenye paipu. Jedwali sasa lina orodha ya michakato chini ya kila kazi. Kazi imekwisha pale wote wanapokuwa wamekufa. Imesimama pale waliobaki hai wote wanapokuwa wamesimama. Hali ya kutoka ni ya mchakato wa mwisho, na $!, alama ya sheli ya kutaja kazi ya nyuma iliyoanzishwa mwisho, pia ni PID ya wa mwisho, ilhali nambari ya kundi ni ya wa kwanza. Tofauti hiyo ndogo inawachanganya wengi.

Tulipoirekebisha hiyo, ikaibuka ya upande wa pili: kazi zilizokwisha zinaonyeshwa kuwa zinaendelea. Kombe ilikuwa inaita waitpid mara moja kwa kila SIGCHLD, ishara anayopata mzazi mtoto akifa au akibadili hali. Ishara za kawaida za Unix hazipangi foleni. Watoto watatu wakifa kwa mkupuo, unaweza kupata SIGCHLD moja tu. Wawili wanabaki zombi na jedwali linadanganya. Lazima uzungushe mpaka hakuna aliyebaki:

```
while ((p = waitpid(-1, &hali, WNOHANG | WUNTRACED | WCONTINUED)) > 0)
    andika_hali(p, hali);
```

WUNTRACED ndiyo inayokuletea habari za waliosimamishwa, WCONTINUED za walioamshwa. Bila hizo mbili utajua vifo tu.

Ya tatu ilijitokeza kwa amri fupi sana pekee, kama true &. Mtoto alikuwa anakufa kabla mzazi hajamwandika kwenye jedwali. Kishikizi cha SIGCHLD kinamkusanya, hakimpati, kinamtupa. Kisha mzazi anamwandika maiti kama mtu hai, na anabaki hapo "inaendelea" milele. Tiba ni kuizuia SIGCHLD kwa sigprocmask kabla ya fork na kuifungulia baada ya jedwali kuandikwa. Mtoto naye aifungulie kwake kabla ya execvp, maana kizuizi nacho hurithiwa. Kwa paipu, tunaizuia mpaka wa mwisho katika mnyororo ameanzishwa. Hilo linatatua na jambo jingine: mchakato wa kwanza ukifa na kukusanywa mapema, kundi lake linatoweka na wenzake wanashindwa kujiunga kwa kosa la EPERM. Ukibaki zombi, kundi bado lipo.

Na ya mwisho hapa: kombe ilikuwa ikiganda mara chache, bila mpangilio. Kishikizi kilikuwa kinaita printf, ambayo si salama ndani ya kishikizi cha ishara. Ishara ikifika wakati printf nyingine imeshika kufuli, kila kitu kinakwama. Kishikizi sasa kinaandika hali kwenye jedwali tu, na taarifa inachapishwa kabla ya kuomba amri inayofuata. Bash pia hungoja hivyo, isipokuwa umeweka set -b. Wahudumu waliuliza kwa nini ujumbe wa "imekwisha" hauji wenyewe. Bonyeza Enter, utakuja.

5 Aprili: kusimamisha na kuamsha

Ctrl-Z hutuma SIGTSTP kwa kundi la mbele. Kurudisha mbele ni hatua mbili: mpe kundi terminali, kisha tuma SIGCONT, ishara ya kuamsha, kwa kundi zima, kwa kuweka alama ya kutoa mbele ya nambari ya kundi unapoita kill. Ukigeuza mpangilio huo, programu inaamka, inawahi kusoma kibodi ikiwa bado iko nyuma, na SIGTTIN inailaza tena.

Alsamixer, programu ya kurekebisha viwango vya sauti, ilituachia skrini ambayo herufi hazionekani unapoandika. Programu za skrini nzima hubadilisha tabia ya terminali, na zikisimamishwa ghafla hazina nafasi ya kuirudisha. Kombe inahifadhi tabia yake kwa tcgetattr inapoanza, na kuirudisha kila inapokabidhiwa terminali. Tabia ya kazi iliyosimamishwa inahifadhiwa pia, ili irudishiwe ikiitwa mbele. Kabla ya hapo tulikuwa tunaandika gizani stty sane, amri ya kuirudisha terminali sawa.

Amri ya ua haikuwa inaua kazi iliyosimama. SIGTERM, ishara ya kuomba mchakato ufe, inafika lakini inangoja mlangoni mpaka mchakato uamshwe. Sasa ua inatuma SIGTERM na kufuatisha SIGCONT.

Wale wa ffmpeg, programu ya kubadili faili za sauti na video: ikiendeshwa nyuma husimama yenyewe kwa sababu inasikiliza kibodi hata usipoihitaji, na faili ya matokeo ikiwa ipo tayari inauliza kama iandike juu yake. Iendeshe kwa -nostdin. Hiyo si hitilafu ya sheli yoyote, na ndiyo iliyowatisha wahudumu hapo mwanzo.

26 Aprili: laini ikikatika

Mhudumu wa jioni anakaa Rongai. Akishafunga duka huingia kwenye mashine kwa SSH, njia ya kuandika amri kutoka mbali, kupitia simu, akiwa kwenye matatu, kutazama kazi na kuanzisha nyingine. Mtandao hukatika njiani. Asubuhi moja tulikuta matokeo ya ajabu: kazi zilizokuwa zinaendelea zimekamilika salama, na ile aliyoisimamisha kwa Ctrl-Z ili kupunguza mzigo imekufa.

Nilitarajia kinyume chake, lakini kerneli inafuata kanuni. Terminali ikikatwa, SIGHUP, ishara ya kwamba laini imekatika, inapelekwa kwa kiongozi wa kikao (mchakato ulioanzisha mengine yote kwenye terminali hiyo), ambaye ni kombe, na kwa kundi la mbele. Kazi za nyuma hazitumiwi kitu. Kombe ikafa, kazi za nyuma zikawa yatima na kuendelea kukimbia. Lakini kundi likibaki yatima na ndani yake kuna mchakato uliosimama, hakuna tena sheli ya kuliamsha, kwa hiyo kerneli inalitumia SIGHUP kisha SIGCONT. Linaamka likiwa na hukumu tayari.

Bash ikipokea SIGHUP huisambaza kwa kazi zake zote, na disown ni ya kuondoa kazi kwenye orodha hiyo. Nohup huziba masikio ya programu tangu inapoanza. Kombe sasa inafanya hivi: ikipokea SIGHUP inaziamsha kazi zilizosimama, inazipa sekunde chache, kisha inatuma SIGHUP kwa zile tu ambazo hazikuachiliwa kwa amri ya achilia. Kuandika toka wakati kuna kazi iliyosimama kunaleta onyo mara ya kwanza, na kunakubaliwa mara ya pili.

Kusema kweli, tmux, programu inayotunza terminali hai hata ukikatika, ingetosha, na sasa tunaendesha kombe ndani yake. Terminali inabaki upande wa mashine, simu ikikatika hakuna kinachojua. Msimbo wa SIGHUP nimeuacha kwa ajili ya siku ambazo mtu amesahau tmux.

Stima ikipotea hakuna ishara itakayokuokoa. UPS ya mtumba, sh. 7,000, na betri mpya yake sh. 3,200. Ilihitajika kuliko nusu ya haya niliyoandika.

17 Mei: kikomo, na kazi isiyo na mchakato

Kori ni nne, na kazi zikizidi hapo kurekodi kunaharibika: arecord, programu ya kurekodi, inalalamika overrun, yaani imelemewa, na kipande cha wimbo kinapotea. Kwanza tuliendesha kubana kwa nice -n 10, inayoipunguzia kazi kipaumbele, ikasaidia nusu. Kisha tukaweka kikomo: zisizidi tatu nyuma kwa wakati mmoja, nyingine zingoje. Katika bash ungetumia wait -n, iliyoingia toleo la 4.3, ambayo hurudi kazi yoyote moja ikimalizika. Ngoja yetu inafanya vivyo hivyo. Lakini wahudumu walitaka waandike & na kuendelea na shughuli zao bila kushikiliwa.

Kwa hiyo kazi ya nne inapewa nambari na hali ya "inasubiri", bila fork. Ipo kwenye jedwali, ina kibandiko chake kwenye kaseti, na kerneli haijawahi kuisikia. Jedwali la sheli linaruhusu hilo bila tatizo lolote.

Msimbo wa ua haukuliruhusu. Kazi inayosubiri ilikuwa na nambari ya kundi 0. Kill ikipewa 0, hata uiwekee alama ya kutoa mbele, inatuma ishara kwa kundi la yule aliyeita. Mhudumu aliandika ua %9, kombe ikajiua yenyewe, na kazi tatu za nyuma zikaendelea kukimbia bila mwenyewe, tukazitafuta moja moja kwa ps. Tulifikiria kuweka -1 kama alama ya "bado", kisha tukaona hesabu inakokwenda: minasi ya -1 ni 1, mchakato wa mfumo. Na nambari ya kundi ikiwa 1 kwa hitilafu yoyote, kill inapata -1, yaani kila mchakato unaoruhusiwa kuugusa. Sasa ua inatazama hali kwanza, na hakuna mahali popote katika msimbo panapoita kill ya kundi bila kuhakikisha nambari inazidi 1. Ukiiga sehemu moja tu ya shajara hii, iga hiyo.

Jumla mpaka sasa ni sh. 29,500 za vifaa. Msimbo ni mistari isiyofika elfu mbili. Yaliyobaki: jedwali kuandikwa kwenye diski ili kazi zinazosubiri zisipotee mashine ikizimwa, kutaja kazi kwa neno la katikati kama %?mahubiri, na mzee bado anadai nambari zichapishwe kwa herufi kubwa zinazosomeka kutoka kwenye deki.